Pete na Magunzi ya Baba Rehema

Nachingwea,
Jumapili, baada ya adhuhuri

Dada yangu Somoe,

Shikamoo dada. Mpe na mama shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma, umwinamie sikio la kulia, maana najua la kushoto limeshakataa. Mguu wake unaendeleaje? Bado mnaukanda kwa maji ya chumvi? Na wewe mgongo wako vipi na kuinama kote huko kuokota korosho? Nakuona kabisa umejifunga kanga kiunoni, unaokota huku unawagombeza mbuzi wa watu.

Mimi nipo. Siumwi popote. Nimechoka tu, uchovu wa namna ambayo nalala nao na kuamka nao. Nikifagia uwanja nakaa kwanza. Nikipika uji nakaa kwanza. Mama Tereza jirani yangu anasema nimekuwa kama betri ya tochi ya zamani, mpaka uipigepige.

Utashangaa nakuandikia wakati simu ipo. Ni kwa sababu kila ukipiga, nikisikia tu ile "Mdogo wangu" yako nalia, na wewe unalia, na tunakata hatujasema kitu. Barua angalau inanisubiri nimalize kufuta macho. Tena, dada, zamani sikuona kwamba Mbekenyera ni mbali. Miaka ishirini na moja tangu nilipoletwa hapa nikiwa bibi harusi, nilijua nikitaka kuja napanda gari asubuhi na mchana nakula ugali wa mama. Sasa nimemaliza siku arobaini na mbili za eda, zimebaki nyingi kuliko nilizomaliza, na sivuki hata wigo. Ruangwa yote imekuwa nchi nyingine. Nawasikia watu barabarani wakiitana wapande gari, nasema moyoni, hao leo watakanyaga udongo wa kwetu.

Nyumba ni kimya. Rehema alikuja kwa arobaini, amerudi chuoni Mtwara jana, nilimlazimisha, mitihani haijui msiba. Kandambili za baba yake bado zipo mlangoni, ya kushoto imeliwa kisigino kama kawaida yake. Sijaziondoa.

Sasa nikueleze jambo lililonipata wiki hii, maana limekuhusu na wewe, ingawa hukuwepo.

Unaikumbuka ile pete ya fedha ya Baba Rehema, yenye mstari uliofutika upande mmoja? Ilikuwa ya baba yake, na kabla yake ya babu yake. Siku ya kumwosha walimvua wakanipa mimi. Wewe ulikuwepo siku ile ya tatu tulipoondoa tanga, ulimsikia wifi Mwanahamisi alivyosema mbele ya watu: "Pete ya baba yetu ikae kwako mpaka arobaini. Siku hiyo tutamvalisha kaka Bakari. Ipo kwako, na watu wote wamejua ipo kwako." Hakusema vibaya. Lakini alinitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika, na wewe ukanibonyeza mkono.

Basi nikaifunga kwenye pindo la kanga. Na hapa, dada, nikuambie kitu ambacho sikumwambia mtu. Nilikuwa nikiwa peke yangu naifungua naivaa. Kidole gumba tu, kwingine inapwaya. Najua mwenye eda havai pambo. Sikuivaa kwa kujipamba. Nilikuwa naivaa nikiwa nafanya kazi, naisikia ikigonga sufuria kama alivyokuwa anagonga kikombe yeye akitaka chai iongezwe.

Jumatatu nilikuwa nafua nguo zake, zile za kugawa siku ya arobaini. Nikawa naanika uani, pete ikiwa kidoleni. Mara nikasikia hodi. Sauti ya Bi Mtumwa, yule anayefundisha watoto wa chuo cha Kurani, na mwenzake mmoja. Nikashtuka. Mjane wa siku thelathini na kitu anaonekana na pete! Mikono ina mapovu, pindo la kanga limelowa, nikaivua haraka nikaiweka juu ya nguzo ya kamba ya nguo, nikageuka kuwapokea.

Nguzo zenyewe unazijua. Ni mabomba mawili ya chuma aliyoyasimika Baba Rehema na saruji alipozaliwa mtoto, kwa ajili ya kuanika nepi. Yana kimo cha mtu na shubiri moja. Tundu lake juu lipo wazi, vidole vitatu ukivibana vinaingia, mkono hauingii. Kwa hiyo yeye kila mwaka baada ya kuvuna mahindi alikuwa anachagua magunzi mawili manene, anayakata, anayagongomea pale juu kama vizibo. Kila mwaka, bila kukosa. Nilikuwa namcheka. Namwambia, "Baba Rehema, watu wanaziba mapengo ya paa, wewe unaziba nguzo." Yeye anaendelea kugonga.

Mwaka huu wakati wa kuvuna alikuwa kitandani na kile kifua chake. Gunzi lililokuwa pale ni la mwaka jana. Kwa nje lilionekana zima, ndani wadudu wamelimaliza, limebaki ganda. Niliweka pete juu yake kama mtu anayeweka kitu mezani. Nilipogeuka tu nikasikia, ti, ti, kisha kimya.

Dada, nilikaa na wale wageni kama nusu saa. Wananisomea dua, naitikia amina, macho yapo kwenye nguzo. Bi Mtumwa akaniambia, "Mwanangu, una huzuni sana leo." Nikamwambia ndiyo.

Walipoondoka nikachukua kigoda nikapanda. Pale juu kuna tundu jeusi na mabaki ya gunzi pembeni. Na mimi kwa wazimu nikachukua kijiti nikachokoa, nikidhani pete imenasa humo. Mabaki yote yakaporomoka yakaenda kuifunika huko iliko. Nikashuka nikakaa chini pale pale kwenye matope ya maji ya kufulia.

Hofu yangu ilikuwa moja. Wifi alisema anakuja Alhamisi, arobaini ni Ijumaa baada ya sala. Nitasimama mbele ya ukoo wa marehemu niseme pete ya babu yao imepotea? Nani ataamini imo ndani ya nguzo ya nguo? Watasema nimeificha, au nimempelekea mama Mbekenyera. Mimi wataniacha niondoke na maneno hayo, lakini Rehema ni damu yao, atayasikia mpaka siku ya kuolewa kwake.

Jumanne nikamwambia Mama Tereza. Unamjua, yule mtani wetu Mngoni mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Tangu msiba uanze utani haujamtoka. Siku ya mazishi ndiye aliyelala mbele ya mlango akadai hatoki mpaka apewe kuku, kwamba Mmwera hazikwi bure. Nilipomweleza nilidhani ataingiwa na huruma.

"Kumbe ndiyo mnavyohifadhi mali zenu Wamwera," akasema. "Na sisi babu zetu walipowavamia walihangaika kuvunja masanduku!"

"Mama Tereza, sina hali ya utani."

"Nani anakutania? Nauliza tu hiyo nguzo ya pili ina nini. Kama ina cherehani niambie mapema."

Nikacheka, dada. Mara ya kwanza tangu afe. Nikacheka halafu nikaona aibu, nikajifunika kanga usoni, na yeye akanivuta kanga: "Cheka, mtani. Hata yeye alikuwa anacheka. Lete hiyo redio iliyokufa."

Akavunja spika ya redio ya zamani, akatoa sumaku, tukaifunga kwenye uzi wa kushonea magunia. Kuishusha tu, paa, imenata kwenye ukuta wa bomba. Ukiivuta inaachia, ukiishusha inanata tena. Tukahangaika nayo mpaka uzi ukakatika, na sumaku ikabaki humo humo, imeng'ang'ania juu kabisa. Tuliitoa kwa kisu. Ndipo nikakumbuka kwamba fedha haishikwi na sumaku hata uifanyeje. Nilifundishwa darasa la sita, na bado nilisahau.

"Basi tumwage maji, pete ielee tuiokote," akasema.

"Pete ya fedha ielee?"

"Ya Mmwera hiyo. Pengine ni bati."

Tukanyoosha waya wa kutundikia koti lake, tukaukunja ncha kama ndoana. Tulivuta vipande vya magunzi, vingi, vinakuja vikavu vinanuka vumbi la ghala. Pete haikuja. Mama Tereza akasema sasa basi, amwite fundi wa kuchomelea aje na mashine alikate bomba kwa chini. Nikamkatalia. Kwanza fundi atasimulia sokoni, na wifi atazikuta habari stendi kabla hajafika kwangu. Pili, dada, nilishindwa. Ile saruji ya chini ina alama ya kiganja cha Rehema alipokuwa mdogo. Baba yake alimshika mkono akaubandika.

Usiku ule sikuwaza kitu, nililala kama gogo kwa kuchoka. Jumatano asubuhi nikachukua kipande cha kioo. Tochi ya simu tulishaijaribu, lakini tundu ni dogo, ukiweka simu hakuna pa kuweka jicho. Mama Tereza akasimama juani akalirusha jua kwa kioo mpaka kwenye mdomo wa bomba, mimi nipo juu ya kigoda. "Kulia. Rudi. Juu kidogo. Hapo hapo usitikisike." Na nikaiona. Imelala ubavu, inang'aa kidogo, mbali kiasi cha mkono wangu na nusu ya mkono mwingine. Sio chini kwenye saruji kama nilivyodhani. Ilikuwa imelala juu ya magunzi.

Ndipo nikaelewa. Kila mwaka alipoleta gunzi jipya hakulitoa lile la zamani, alilisukuma ndani. Miaka yote hiyo, gunzi juu ya gunzi. Mengine yalishasagika, lakini yamejaa na kushikana huko ndani mpaka karibu nusu ya nguzo. Waya wetu ulikuwa unaipita pete pembeni na kuchokoa magunzi chini yake. Kama yasingekuwepo, pete ingekuwa chini kabisa kwenye maji na kutu, na pale nisingeifikia.

Nikashuka nikamwambia Mama Tereza, "Waya hauwezi. Inataka kitu cha kuinata." Na nilipotamka kunata, nikakuona wewe.

Nilikuona pale shamba la mpunga la babu, una miaka kama kumi, umejipaka ulimbo wa kunasia ndege mpaka kwenye nywele. Ilikuwa kazi ya wavulana, lakini wao ulimbo wao ulikuwa unakauka na ndege wanaondoka nao miguuni, wako ulikuwa haumwachii hata kwera mmoja. Mama alikunyoa kwa wembe huku anakuchapa, na wewe katikati ya kilio unaniambia, "Siri ni mafuta ya ufuta, matone mawili tu, usizidishe." Mimi nilikuwa naogopa hata kumtoa ndege kwenye kijiti, nalia, wewe unamtoa kwa ajili yangu na kumpangusa kucha kwa majivu.

Nikamweleza Mama Tereza ule mti wenye utomvu mweupe, wenye vitunda vidogo wanavyokula popo. Akasema upo mmoja nyuma ya mashine ya kusaga. Akaenda na kisu na kopo la maziwa, akarudi kopo likiwa robo na mikono imeshikana vidole. "Mungu wangu, mtani, umenifanya bata!" Nikamwosha kwa mafuta. Tukachemsha polepole jikoni, nikatia matone mawili ya ufuta. Nikakoroga mpaka ukavutika kama ulivyonifundisha, nyuzi ndefu zisizokatika.

Kijiti nikachomoa ufito wa mwanzi kwenye dari ya jiko. Nikazungusha ulimbo kwenye ncha, donge kama punje ya kunde, nikapanda kigodani. Mama Tereza akashika kioo.

Mara ya kwanza nikaleta kipande cha gunzi. Nikapangusa, nikapaka tena. Mara ya pili niligusa kitu kigumu, nikajua kwa mkono kwamba ni yenyewe, lakini nikavuta haraka ikabaki. Mara ya tatu nikaikandamiza, nikahesabu mpaka ishirini. Ulikuwa unatuambia, msubiri ndege atulie mwenyewe. Nikavuta taratibu. Imefika karibu na mdomo wa bomba, ikagusa ukingo, ikaning'inia kwa uzi mmoja wa ulimbo. Sikuthubutu kupumua. Mama Tereza akatupa kioo, akaruka na mwili wake ule, akaifunika kwa kiganja, paa!

"Nimemkamata!" akapiga kelele. "Kwera wa Kimwera!"

Kioo kilivunjika. Tulikaa chini tukacheka mpaka yeye akalia. Mimi sikulia, nilikuwa nimechoka mno.

Nikaipangusa pete kwa mafuta na majivu, nikaifunga kwenye pindo, na safari hii sikuivaa.

Wifi akaja Alhamisi, shemeji Bakari na wazee wakaja Ijumaa. Khitma ikasomwa vizuri. Wali ulitosha. Baada ya dua, mimi nikiwa ndani na wanawake, wifi akanyoosha mkono. Nikampa. Akaigeuza. Akaigeuza tena, kisha akatazama vidole vyake.

"Mbona inanata?"

Wanawake wote wakanigeukia. Nilikuwa nimeipangusa kwa nje, ndani kwenye ule mstari sikufika. Ningeweza kusema ni asali, au ni sabuni. Lakini nilichoka, dada, nilichoka hata kutafuta uongo. Nikamweleza yote, kuanzia kidole gumba, Bi Mtumwa akiwa amekaa pale pale ananisikiliza. Nguzo, gunzi, ulimbo, yote.

Wifi akaniuliza swali moja tu. "Ilikuwa inakutosha?"

"Kidole gumba tu."

Akainuka akatoka uani. Nikamfuata mpaka mlangoni. Alikwenda akasimama karibu na nguzo, akaishika kwa mkono mmoja kama mtu anayesubiri gari. Halafu akasema bila kugeuka, "Unajua kwa nini alikuwa anaziba?"

Nikamwambia sijui. Miaka ishirini na moja nilimcheka tu.

Akasema walipokuwa wadogo kule Nandagala, yeye akiwa mtoto wa kubebwa, Baba Rehema alimbeba mgongoni akaenda kuegemea nguzo ya mwanzi ya banda, iliyo wazi juu. Nyigu walikuwa wamejenga humo. Wakatoka. Baba Rehema angeweza kumtupa mtoto akakimbia, lakini alilala juu yake kifudifudi, wakamuuma mgongo wote, akavimba akalala siku nne. "Tangu hapo," wifi akasema, "hapiti penye tundu asilizibe. Nyumbani kwa mama aliziba mpaka miguu ya kitanda cha chuma." Akapangusa uso kwa mtandio. "Alikuwa anamzibia Rehema."

Dada, nimeishi na yule mtu, nimempikia, nimemuuguza, nimemfumba macho, na hilo sikulijua.

Wifi akarudi ndani akampelekea kaka yake Bakari pete, naye akaivaa. Inamtosha vizuri kuliko ilivyomtosha marehemu. Kabla ya kuondoka wifi alikaa na mimi mpaka gari lilipopiga honi, ananikanda miguu, na hakulitaja tena jambo la pete. Bi Mtumwa naye alinishika bega akasema, "Mwenyezi Mungu anajua pambo na anajua kumbukumbu." Basi.

Sasa leo nimekaa kibarazani, mawingu yanajikusanya upande wa huko kwenu. Mvua zikianza na nyigu wataanza. Nguzo mbili zipo wazi, kwa sababu nililiondoa na lile la nguzo ya pili, nalo lilikuwa ganda. Mahindi yetu mwaka huu hayakuvunwa vizuri, na magunzi nimeyachoma yote wakati wa msiba, kupikia watu.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Mama Sikujua atakayekuletea barua hii atarudi Jumatano. Mpe magunzi mawili. Usinipe mengi, nitayachoma. Chagua manene, ya mahindi yale ya mama ya mbegu ya zamani, yasiyo na tundu la mdudu. Nitayagongomea mwenyewe, nyundo yake nimeiona chini ya kitanda. Na hayo mabaki ya humo ndani nitayaacha yakae yalivyo.

Nisalimie shemeji yangu mumeo, mwambie ahsante kwa jembe alilolichongea mpini siku ya mazishi, limebaki kwangu, silitumii ila nalitazama. Msalimie shangazi wa Mbwemkuru mkionana, yule aliyekosa kuja mazikoni kwa ajili ya macho, umwambie sikumwekea kinyongo. Wasalimie wanao wote, na yule wa mwisho mwambie mama mdogo wake anamuuliza kama jino limeshaota. Mama usimsomee habari ya kuvaa pete. Habari ya ulimbo msomee, tena mara mbili, na umkumbushe wembe.

Ni mimi mdogo wako, uliyekuwa unanitolea ndege kijitini,

Hadija, Mama Rehema